Nimeambiwa Nimeshasafiri

4 Februari

Miwani wangu,

Keti kwanza, maana ukisoma umesimama utaanguka. Kibali cha wewe kuja huku kimetoka! Nimekipokea kwa mkono huu huu wenye grisi, karani akaniangalia kwa kinyaa, nikamwambia, bwana, ungekuwa wewe umeoa halafu unakumbatia mto, usingekumbuka hata kunawa. Akacheka, akanigongea mhuri.

Sasa imebaki pasipoti yako tu. Kibali na tiketi nimempelekea Mama kwa rejesta. Usinune kwamba sikukutumia wewe. Unaijua nyumba yetu, hata kadi yangu ya chanjo ya utotoni iko kwenye sanduku lake la bati. Karatasi zote za familia hupitia kwake, ndivyo tulivyolelewa, na mtu aliyepiga taipu ofisi za serikali hadi akastaafu anajua mlango upi wa kugonga. Yeye atapeleka maombi, atapanga tarehe, atanipigia simu ya maandishi nije kukupokea.

Jambo moja. Mama anasema ubadili jina kwanza, uchukue la ukoo wetu, ili pasipoti ifanane na kibali. Mimi kwa kweli sikuwa na haraka na hilo. Jina la baba yako ndilo nililoliandika kwenye barua ya kwanza niliyowahi kukutumia. Amua wewe.

Hapa kazi ni ile ile. Jana lifti ilikwama ghorofa ya tisa na bibi mmoja na mbwa wake, na nilipowatoa bibi akanikumbatia, mbwa akaning'ata. Chumba changu ni kidogo, dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini nimeshasogeza kitanda ili upande wako uwe wa mwanga. Njoo, mke wangu. Nimechoka kuongea na nyaya.

Lifti wako


19 Februari

Lifti wangu,

Barua yako niliisomea dukani nikapiga yowe, mzee mmoja aliyekuwa anapimwa macho, anasoma herufi za ubaoni, akadhani amezikosa zote. Bosi kaniambia nikitaka kushangilia nitoke nje, halafu mwenyewe akatoka nje kunifuata aulize kuna nini.

Jina nimelitoa. Nilikula kiapo kwa mwanasheria, kachumba kenyewe kananuka gundi, Mama kakaa pembeni yangu kanishika goti. Nikasaini. Sikutegemea mkono ungekuwa mzito vile. Unajua mimi ni mtoto pekee wa baba, nikiliacha lile jina hakuna mwingine wa kulibeba. Nilipomwambia alisema, "Haya mwanangu, jina halijazi tumbo," akaenda kukaa uani na redio ambayo hakuiwasha. Nililia kidogo, sikufichi.

Lakini Mama yako, jamani! Ananilea kama yai. "Sasa wewe ni binti yangu hasa," ananiambia kila tukikutana. Alinipeleka kwa mpiga picha, wakanivua miwani, nikatoka kama bundi aliyeamshwa mchana. Picha akachukua yeye, na fomu niliyosaini, na cheti cha ndoa, na kitambulisho changu cha zamani, kile ambacho picha yake imefutika hata pua haionekani. Kasema nisipoteze siku za kazi kwenye foleni, atapeleka mwenyewe. Nani ana mama mkwe kama huyo? Wenzangu dukani wananionea wivu.

Wifi naye alipita. Dada yako anataka miwani ya jua, tena ile mikubwa, na mawingu yote haya! Nikamtania, "Wifi, unamkwepa nani?" Akacheka, lakini hakuivua hata tulipokuwa ndani. Shemeji muuza matairi, mume wake, alikuwa nje juu ya pikipiki anapiga honi, ikabidi atoke mbio.

Nisubiri. Na huyo bibi wa ghorofa ya tisa mwambie mwenye mali anakuja.

Miwani


6 Aprili

Mke wangu,

Nimeuona uamuzi wako. Sikuutegemea, na sitaandika mengi maana barua hupita mikono mingi.

Nilidhani mambo makubwa tunaamua wawili. Siwezi kulaumu jambo jema, wala sitakuambia lirudishwe. Una moyo mkubwa kuliko wangu. Ila ungeniambia. Mume kuwa wa mwisho kujua, tena ajue kwa macho yake mbele ya watu, si jambo dogo.

Kazi ni nyingi. Msalimie baba.

Mimi


20 Aprili

Lifti,

Uamuzi gani?

Barua yako nimeisoma hadi karatasi imelegea, sijaambulia kitu. Kama ni jina, wewe mwenyewe uliniambia niamue, nimeamua kwa kuwafurahisha ninyi, sasa mbona unanuna? Na hicho ulichokiona kwa macho yako mbele ya watu ni kipi, wakati mimi niko huku nasugua lenzi? Kuna mtu kakuletea umbea? Mtaje, nimfuate.

Mimi bado nasubiri pasipoti. Kila nikimwuliza Mama, kuna jipya. Mara karani husika yuko likizo, mara vitabu vya pasipoti vimeisha, mara mashine ya mihuri imeharibika. Nimeshaaga nusu ya mtaa, sasa wananiuliza, "Ulirudi lini?" Wengine wanacheka waziwazi.

Habari za huku si nzuri sana. Mwisho wa Machi wifi alikuja kuniaga. Mama kasema anakwenda kusomea ukunga, mbali, na kwamba nisimtajie mtu. Alinikumbatia hadi pumzi zikanikata, akasema, "Wifi, ulichonifanyia Mungu ndiye atakulipa." Nimemfanyia nini mimi, zaidi ya kumkazia skrubu za miwani bure? Nikadhani ni machozi ya safari. Tangu aondoke, shemeji anakuja getini kwa Mama kumdai mke wake. Mama hamfungulii.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kiume. Kama umepata mwingine huko, sema. Nitaumia, lakini nitajua ninaumwa wapi.

Miwani


3 Mei

Miwani wangu,

Hakuna mwingine, nakuapia. Ile barua yangu ichome, nilikosea, nilichanganya mambo kwa uchovu.

Kuhusu pasipoti, mwachie Mama. Wala usiende ofisini kuuliza, utawaudhi bure. Subiri tu. Nakupenda, hilo lisikupotee.

Lifti wako


17 Mei

Lifti,

"Utawaudhi." Nitawaudhi kwa kuuliza pasipoti yangu mwenyewe? Tangu lini wewe, mtu wa kugombana na karani hadi mhuri ulie, unaniambia nisiwaudhi?

Unanificha kitu. Ulivyoandika si wewe. Nimeomba ruhusa kwa bosi, Jumatatu tarehe mosi Juni naenda ofisini kwa miguu yangu. Mama simwambii.

Miwani


29 Mei

Mke wangu,

Barua yako imenifikia leo. Nakuomba kwa jina la Mungu, usiende. Usiulize kitu. Nitakueleza yote, nipe nafasi nipate maneno. Usiende.

Lifti


2 Juni

Kwa mume wangu, kama bado neno hilo lina maana,

Nimeambiwa nimeshasafiri.

Ngoja nikueleze vizuri, maana mimi mwenyewe bado naona ni mambo ya mtu mwingine. Dirishani kulikuwa na karani wa kike, anakula karanga kutoka kwenye droo. Akaniuliza jina. Nikataja jipya, tena kwa kujidai kidogo. Akapekua, akasema, "Huyu alishachukua pasipoti. Ameondoka tarehe mosi Aprili."

Nikacheka. Nikamwambia, "Dada, huyo ni mimi, na mimi ndiye huyu hapa." Akasema, "Basi umerudi lini?" Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, mjinga mimi! Nikamwomba aangalie tena. Akalivuta jalada, akaligeuza upande wangu ili aniaibishe vizuri.

Jina langu. Siku yangu ya kuzaliwa. Saini yangu, kwa mkono wangu mwenyewe. Na uso wa dada yako.

Nilishika ukingo wa dirisha nikaanza kulia kwa sauti, mbele ya watu, kamasi na yote. Yule karani karanga zikamkwama. Akaninong'oneza kwamba aliyeleta ni mama mwenye heshima zake, wanamjua, alifanya kazi jengo hilo hilo, na picha ya kitambulisho ilikuwa imefutika, nani angeshuku? Halafu akasema, "Ukitaka kuripoti, naita askari sasa hivi." Nikamwambia ngoja. Sijui kwa nini nilisema ngoja.

Nikaenda kwa Mama. Nilimkuta anakunja mashuka. Aliponiona uso akaendelea kukunja, pembe kwa pembe. Nikamwambia, "Mama, umenifanya nini?" Akasema, "Nilikuwa na karatasi moja na watoto wawili. Wewe unaweza kusubiri. Mwenzako alikuwa anakwenda kuzikwa." Basi. Hakuomba radhi, hakulia. Nikamwuliza, na jina je? Kwa nini ulinishika goti nikaacha jina la baba yangu? Unajua alinijibu nini? Kwamba wifi akiulizwa ghafla uwanja wa ndege asibabaike. Jina la ukoo wenu ameliitikia tangu shuleni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilidhani napendwa. Baba yangu amekaa uani na redio imezimwa ili dada yako asibabaike!

Swali langu ni moja, na unijibu bila kuzungukazunguka. Ulijua?

Miwani


14 Juni

Mke wangu,

Sikujua. Halafu nilijua. Nitakuambia vyote viwili.

Simu ya Mama ilisema, "Mkeo anafika tarehe mbili Aprili." Nilinyoa, nikanunua maua, nikasimama kwenye kizuizi pamoja na waume wengine. Mara afisa akaniita ndani ya chumba chenye kioo, nimtambue. Mlango ukafunguliwa akaingia dada yangu. Niliangalia nyuma yake, Miwani. Naapa niliangalia nyuma yake, nikitegemea wewe unafuata. Jicho lake moja lilikuwa bado halifunguki vizuri. Afisa akauliza, "Huyu ni mkeo?" Dada yangu ananitazama. Nikasema ndiyo. Lilitoka kabla sijalipima.

Tulipofika nje akaniambia, "Wifi amenipa nafasi yake. Mama kasema." Nikaamini. Nikakukasirikia. Nikajiuliza, mwanamke gani anagawa nafasi ya kuja kwa mumewe kama anagawa kiti cha basi, bila hata kuniuliza? Ile barua ya Aprili niliiandika na hasira hizo.

Halafu ikaja yako, unauliza "uamuzi gani?" Nikajua hapo hapo kwamba Mama ametudanganya sote. Na badala ya kukuambia, nikakuandikia usiwaudhi. Niliogopa barua kufunguliwa. Niliogopa utalia. Sababu ninazo nyingi na zote ni za mwoga.

Hapa majirani wanamwita mke wangu. Fundi mwenzangu alituletea seti ya vikombe, zawadi ya harusi, dada yangu akaipokea huku uso umemshuka. Mimi nalala kazini, kwenye chumba cha mitambo juu ya lifti, nikisema zamu ni nyingi.

Ukiripoti, ni haki yako. Yeye atarudishwa kwa yule mumewe, mimi nitafungwa. Usiporipoti, huwezi kuja, maana hapa mke wangu ameshafika. Nimetafuta njia ya tatu hadi kichwa kinauma. Sina.

Ameomba naye akuandikie. Barua yake iko humu humu. Sijaisoma.

Lifti


14 Juni

Wifi yangu,

Sijui kama nina ruhusa ya kukuita hivyo bado.

Mimi niliambiwa umenipa. Mama alikuja akanikalisha, akasema, "Wifi yako ameona hali yako, amesema utangulie wewe, yeye atafuata baadaye. Usimwulize, inamuuma, mshukuru kwa kifupi tu." Ndiyo maana nilikuja kukuaga vile. Njia nzima ndani ya ndege nilikuwa nakuombea. Nilipomwona kaka anaangalia nyuma yangu, maua yamelegea mkononi, nilijua pale pale kuna kitu hakiko sawa, lakini afisa alikuwa amesimama. Barua yako ya Juni ndiyo imenimaliza. Nimekaa chini sakafuni jikoni, nikashindwa kuinuka.

Nitakuambia kitu ambacho hata Mama hajui chote. Kipigo nilikizoea, Wifi, Mungu anisamehe kusema hivyo. Lakini mwezi wa pili mume wangu alinifungia kwenye stoo ya matairi kutwa nzima. Alipofungua alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akasema, "Siku nyingine nitakufungia, halafu nitawasha kiberiti. Mpira ukishika hauzimiki." Akanywa chai yake. Mtu wa makelele unamkimbia akianza. Huyu alisema taratibu, kama anayekueleza bei. Nilikwenda polisi. Wakamwita, wakacheka naye, wananunua matairi kwake. Akanirudisha nyumbani kwenye pikipiki.

Sisemi haya ili unihurumie. Nasema ujue uzito wa kitu ulichoibiwa, na kimebeba nini.

Sasa sikiliza. Andika neno moja tu, nitakwenda kwa afisa, nitamwambia mimi si mke wa mtu huyu, ni dada yake, na jina hili si langu. Wanirudishe. Sitakulaumu hata kidogo. Kaka anasema tusubiri, Mama anaandika tunyamaze, lakini wao wameshaamua ya kutosha. Safari hii uulizwe wewe kweli.

Aliyevaa jina lako


27 Juni

Lifti,

Ulisema huna njia ya tatu. Mama yako anayo. Nimestaajabu ya Musa, sasa nimeona ya Firauni.

Kaja nyumbani, kakaa kwenye kiti cha baba, katoa mkobani cheti cha kuzaliwa cha wifi. Anasema kwa kuwa wifi kasafiri kwa jina langu, basi jina la wifi liko huru. Nilichukue mimi, nipate pasipoti kwa jina hilo, nije kukutembelea kama dada yako! Nilicheka hadi baba akatoka uani kuangalia. Yaani nifike huko, nikuite kaka mbele za watu, na dada yako akuite mume? Nikamwambia, "Mama, chukua cheti chako, toka taratibu, usinifanye nikukosee adabu." Akatoka. Na unajua kinachonitisha? Alikuwa hatanii.

Sasa wewe. Ile "ndiyo" uliyosema uwanjani nimekusamehe. Jicho la dada yako limefumba, afisa kasimama, ungesema nini? Lakini mwezi mzima uliofuata hukuwa na afisa. Ulikuwa na kalamu na karatasi, ukaniandikia "utawaudhi." Hilo limenikwama hapa kooni, halipandi halishuki.

Wifi sijamjibu. Nimekwenda hadi mlango wa ile ofisi nikarudi. Kila nikitaka kumwonea huruma nakumbuka wewe ni mume wangu. Kila nikikutaka wewe nakumbuka kiberiti. Msiniharakishe.

Miwani


8 Julai

Wifi yangu,

Uliniomba neno moja. Nitakuambia ukweli: nilikuwa nimeliandika. Niliandika, "Nenda ukaseme." Bahasha ilikuwa kwenye mkoba, nilikuwa niiposti Jumatatu ya wiki iliyopita, wakati wa chakula cha mchana. Nilijiambia na mimi ni mtu, na mimi ninazeeka, kila mtu abebe msalaba wake.

Asubuhi ile ile mume wako aliingia dukani.

Aliingia taratibu, akafuta viatu mlangoni. Akasema anataka kupimwa macho. Nikampima, ningefanyaje, ndiyo kazi. Kaweka kidevu kwenye mashine, uso wake na wangu karibu hivi, akaanza kuongea kama mtu anayepitisha muda.

"Shemeji, jamaa yangu mmoja anabeba mizigo uwanja wa ndege. Kaniapia alimwona mke wangu anapanda ndege, tarehe mosi Aprili. Nimekwenda ofisini. Mke wangu hana pasipoti. Ila siku ile ile, wanasema, alisafiri mke wa shemeji yangu fundi lifti." Akasogeza kidevu. "Nikasema, ah! Mke wa fundi lifti si ndiye anauza miwani pale kona? Sasa kama wewe uko hapa, nani aliruka?"

Hakuinua sauti, Wifi. Anatabasamu. Ulivyomwandika ndivyo alivyo. Lenzi iliniponyoka, ikaanguka mezani, na yeye akaiokota, akanipa.

Nikasikia mtu anasema, "Aliyeruka ni mke wa fundi lifti. Mimi si mke wake." Nilikuwa mimi.

Basi mdomo ukishafunguka haufungiki. Nikasema kwa sauti, bosi asikie, na wateja waliokuwepo wasikie, kwamba fundi lifti aliniacha. Kwamba alipata mwingine, akamwoa kimyakimya, mama yake akanificha, akanizungusha na hadithi za vitabu vimeisha na karani yuko likizo, hadi yule mwenzangu alipopanda ndege. Nikamwambia kama haamini aende ofisini aulize dirishani, tarehe mosi Juni kuna mwanamke alikuja akaonyeshwa jalada la mke wa fundi lifti, akalia hadi foleni ikasimama. "Huyo ni mimi," nikasema. "Na huyo jamaa yako mbeba mizigo, kutwa anaona migongo ya watu. Uso wa mtu atauonea wapi?" Na machozi yalikuwa yananitoka ya kweli kabisa, sikuhitaji kuyatafuta.

Halafu nikaona anaamini. Mwanamke aliyeachwa hachelewi kuaminiwa. Akasimama, akasema, "Pole sana, shemeji. Wanaume ndivyo tulivyo." Pole, kutoka kwake! Macho yake ni mazima, nimemwandikia hivyo kwenye kadi. Nimesikia juzi ameacha kuja getini kwa Mama, sasa anakutafuta kwa shangazi zako wa kijijini.

Alipotoka bosi alinivutia kiti, maana nilikuwa nimesimama kama nguzo. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaelewa nimefanya nini. Kufika jioni mtaa mzima ulishajua nimeachwa. Baba aliambiwa na kinyozi wake. Wanawake wanakuja kunipa pole, wengine wanataka na maelezo. Nimewapa. Mama yako naye alikuja, akasimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Sikumkaribisha, wala sikumfukuza.

Ile bahasha niliichana. Usiende kwa afisa yeyote. Jina ulilonalo, mara ya kwanza lilichukuliwa bila mimi kujua. Sasa nakupa mwenyewe. Wakikuuliza, itika. Mimi nimerudi kwa yule mwanasheria wa gundi, nimeomba la baba yangu. Akauliza sababu, nikasema nimeachwa. Akaandika bila hata kuinua kichwa, na kusikia neno hilo likisomwa kulinichoma kuliko kulisema.

Kaka yako mwambie asinitumie tena bahasha ya "mke wangu." Watu wa posta wana macho, na yule wa matairi ana marafiki. Mwambie simkasirikii kama mwanzo, na simwambii nimemsamehe. Akiwa na la kuniambia, asiliandike. Kati yetu sisi watatu, yeye peke yake ndiye mwenye pasipoti iliyo na jina lake na uso wake. Kama bado mimi ni mke wake, apande ndege.

Wifi yako